Nani Kaiacha Bahari Wazi?

Desmond Pryce aliingia kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Thornsea kwa sababu mbili: nje mvua ilikuwa inanyesha, na ndani wajane walikuwa wengi.

Alivaa koti la buluu lenye nembo ya shule ambayo hakuwahi kuikanyaga, na tai ya kikosi cha jeshi ambacho kingemtia ndani kama kingemjua. Mbele ya lango aliegesha Jaguar ya kijani iliyong'aa hata mvuani. Gari hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lilikuwa kila kitu kwake. Lilikuwa ofisi yake, ushahidi wa utajiri wake, na watu wakishazima taa, chumba chake cha kulala. Ndani ya buti la gari mlikuwa na mto, sufuria moja na jiko la spiriti. Ukimwona Desmond anashuka kwenye Jaguar ile, unamkaribisha chai. Ukimwona anashuka kwenye basi, unaubana mkoba wako kwapani. Na hilo yeye mwenyewe alilijua kuliko mtu yeyote.

Ilikuwa Jumamosi ya soko la hisani. Mezani kulikuwa na vikombe visivyo na visahani, visahani visivyo na vikombe, na fumbo la picha lenye vipande vyote isipokuwa uso wa Malkia. Kwenye birika kubwa la chai alisimama Bi Enid Thwaite, mfupi, mwenye shanga shingoni, na pembeni yake Mzee Cyril Ogden, mrefu na mwembamba kama fimbo ya pazia.

"Nani kaiacha bahari wazi?" Mzee Cyril alifoka kwa sauti nene ya kijeshi.

"Si mimi, Admirali, mimi niko kwenye chai!" Bi Enid akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka ikabidi washikane.

Pua ya Desmond ikacheza. Watu wazima wanaolia kwa kicheko juu ya upuuzi wana kitu wanachokipenda kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo huna haja ya kumwibia, atakukabidhi mwenyewe na kukufungulia mlango.

"Utusamehe, kipenzi," Bi Enid alisema, akijipangusa macho kwa aproni. "Ni kipindi cha zamani cha redio. *Mnara Ulioomba Likizo*. Wewe hukikumbuki, nadhani. Hakuna anayekikumbuka."

Hapa namwomba msomaji atulie kidogo. Lilikuwa swali la kawaida, na jibu lake ni jepesi: hapana. Padri mpya aliulizwa, akasema hapana, akapewa chai na keki ya zabibu. Msoma mita za gesi naye alisema hapana, akafungiwa keki nyingine ya kwenda nayo nyumbani. Lakini Desmond Pryce hajawahi kulijibu hapana swali lenye harufu ya faida.

"Nisikikumbuke!" alisema, akaweka mkono kifuani. "Kila wiki, mimi na marehemu baba, masikio yote kwenye redio! Yule Admirali..." Akanyamaza kwa majonzi, akingoja.

"Admirali Crumb," Mzee Cyril alimsaidia, "aliyeogopa maji."

"Aliyeogopa maji! Na yule mnyama... yule..."

"Bukini wakili."

"Bukini wakili! Baba alikuwa anamwiga wakati wa kula. Mama anatufukuza mezani wote wawili!"

Bi Enid na Mzee Cyril walitazamana. Desmond alidhani wamezidiwa na furaha, akawahurumia kidogo, kama mtu aliyeshiba anavyomhurumia mwenye njaa.

"Cyril," Bi Enid alisema polepole, "anakikumbuka."

"Nimesikia, Enid. Basi apande juu."

Juu ya ukumbi kulikuwa na chumba cha klabu ya wapenzi wa kipindi hicho. Ndoo zilipangwa sakafuni kupokea mvua iliyopita darini, na kati ya ndoo wazee wetu walikaa kwenye viti vya mbao, kila mmoja na kikombe chake. Waliposikia kwamba mgeni anakikumbuka kipindi walimpigia makofi. Kisha wakamsimulia kwa zamu, wakikatizana, na yeye kila mara akisema "eee, hapo hapo!" kama aliyekuwepo.

Kipindi kilihusu mnara wa taa uliochoka kutazama bahari, ukaomba likizo, ukanyimwa, ukaondoka kwa miguu kuvuka Uingereza nzima. Ndani yake alikuwemo Admirali Crumb, bukini, ndege wa shingo ndefu anayefanana na bata, aliyesomea sheria, na mwanamke aliyekuwa akipika chai ile ile tangu vita. Bahari ilikuwa inawafuata nyuma, kwa aibu, ikitaka kuomba radhi. Miaka ya hamsini watu walikipenda wiki chache, wakakichoka, wakakisahau. Shirika la utangazaji likafuta kanda zote ili lirekodie kriketi juu yake.

"Hakuna hata sehemu moja iliyobaki?" Desmond aliuliza, na moyo ukamruka.

"Hata kikohozi," Mzee Cyril alisema. "Kimebaki hiki tu."

Akavuta shuka jeupe lililofunika kitu pembeni, na wazee wote wakasimama. Ulikuwa mlango. Mlango mfupi wa mbao ya kahawia, ndani ya fremu yake, wenye makomeo, vitasa na kengele mbili, wa aina waliyotumia studio za redio kutolea sauti za kufungua na kufunga.

"Bahari ilifungwa kwa mlango huu," Bi Enid alinong'ona.

Desmond aliinamisha kichwa kama mtu aliyeko msibani. Moyoni alikuwa anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Hakuwa amefika hata kwenye gari lake pale mtu mnene mwenye tai ya kipepeo shingoni na koti lenye manyoya alipomkamata mkono.

"Wamekuonyesha?" mtu yule alisema, akihema. "Sema kweli, bwana. Wamekuonyesha mlango?"

Aliitwa Lancelot Verey, mkusanyaji wa vitu vya redio, naye alikuwa amefikia Hoteli ya Esplanade. Alimketisha Desmond kwenye kochi la hotelini, akamwagizia samaki na chipsi, kisha akamfungulia moyo.

"Nimeutafuta mlango ule nusu ya maisha yangu. Lakini mimi wameshanipiga marufuku. Nilimwita bukini bata."

"Bata?"

"Ulimi uliteleza! Mbele ya wanachama wote! Yule mama wa chai aliangusha kikombe." Verey alijifunika uso kwa leso. "Bwana Pryce, wewe wanakupenda. Mimi nina nyumba ndogo kule Torquay. Vyumba viwili, waridi mlangoni, bafu lenye maji moto wakati wowote. Siitumii. Niletee mlango ule, na funguo za nyumba ni zako."

Desmond aliacha kutafuna. Miaka mingi alikuwa akinyoa ndevu kwenye vyoo vya umma vya ufukweni, akijitazama kwenye kioo kilichovunjika, na maji ya huku kwetu yanaweza kuua samaki kwa baridi. Alipolisikia lile bafu, kitu fulani ndani yake kikalegea. Hakulitaka kwa tamaa tu. Alilitaka kama mtoto anavyotaka kubebwa.

"Maji moto wakati wowote?" aliuliza.

"Hata usiku wa manane, bwana."

Mpango ulimjia kabla hajamaliza chipsi. Wazee wanalia kwa kukosa hata sehemu moja ya kipindi chao. Basi watapewa. Nani atasema si yenyewe, wakati hakuna ya kulinganisha nayo? Desmond aliuona uzuri wa jambo hilo, na alipotoka nje akajipongeza kwa kugonga dirisha la Jaguar kwa kiganja.

Aliandika ndani ya gari, akiwa amefunika magoti kwa blanketi. Mwanzoni aliandika upesi, kama mtu anayejaza gunia. Lakini Admirali akakataa kuoga, bukini akaishitaki bahari kwa kumfuata mtu bila kibali, na Desmond akajikuta anacheka peke yake kiasi kwamba mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa alivuka barabara. Akafuta ukurasa mzima kwa sababu haukumridhisha. Katika maisha yake ya utapeli hajawahi kufuta kitu kwa sababu hiyo. Akamtafuta Rollo, mwigizaji aliyefukuzwa kwenye majumba yote ya maonyesho kwa ulevi, akampa chupa na sauti zote aziigize yeye. Kanda waliichovya kwenye chai, wakaikausha juu ya injini, mpaka ikaonekana imezeeka kwa heshima.

"Nimeikuta Malta," aliwaambia wazee siku ya kuisikiliza. "Kwenye kabati la baharia mmoja. Sitaki asante."

Mashine ikazunguka. Sauti ya Rollo ikatoka ikikwaruza: *Nani kaiacha bahari wazi?* Wazee wakashika viti. Mwanzoni walicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka mbele ya mgeni. Kisha bukini akasimama mahakamani na kumuuliza hakimu kama anaijua bahari binafsi au kwa kusikia tu, na Mzee Cyril akapiga ukelele, akateleza kitini, akapiga teke ndoo. Maji yakasambaa sakafuni na hakuna aliyejali. Bi Enid alikuwa anamwomba Mungu amwache apumue.

Desmond alisimama ukutani akiwatazama. Aliwahi kuwauzia watu daraja, farasi aliyekufa na cheo cha ukabaila. Hakuna aliyewahi kumchekea kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Kisha akakumbuka bafu, akajirudi.

"Sasa ndugu zangu," alisema kanda ilipokwisha, "kanda hii ni yenu, bure kabisa. Ombi langu ni dogo. Niuchukue ule mlango, niuweke mahali salama, taifa zima liuone. Hapa ulipo unalowa."

Bi Enid alikunja aproni yake.

"Kipenzi, tungekupa leo hii. Lakini tuna desturi yetu. Ni ya kwenye kipindi chenyewe, utaikumbuka. Mlango hutoka kwa mlango."

"Mlango kwa mlango!" Desmond alisema. "Nitaisahauje!"

"Basi unajua. Anayeuchukua lazima aache kitu chenye milango."

"Nitawaletea kabati."

"Kabati!" Mzee mmoja nyuma alisema, akageukia ukuta.

"Kiwe kitu anachokipenda," Mzee Cyril alisema kwa upole, na bila kukusudia, au tuseme hivyo, akatupia macho dirishani. Chini, Jaguar ilikuwa inang'aa kwenye mvua. "Ile yako, kwa mfano, ina milango minne. Lakini hatuwezi kukuomba hiyo, Bwana Pryce. Ni nyingi mno kwa mlango mmoja."

"Hapana, hatuwezi," Bi Enid alisema. "Cyril, funika mlango. Labda yule Bwana Verey akiomba radhi vizuri kuhusu bata..."

Hapo Desmond alisogea dirishani. Alitazama Jaguar, akatazama mlango. Gari aliliona kwa mara ya kwanza kama lilivyo: mto, sufuria, shingo inayouma kila asubuhi. Nyuma ya mlango aliona mvuke wa maji moto. Mtu mwenye nyumba Torquay ana haja gani ya kulala kwenye gari?

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ikatetemeka kweli, "baba yangu angenilaani nikisita."

Akatia sahihi kadi ya gari pale pale, juu ya sahani ya keki, na kuwakabidhi funguo. Wazee walimpigia makofi. Bi Enid alimbusu shavuni, na kwa vile ni mtu wa haki, alimfungia keki.

Mlango wa studio haubebeki kirahisi. Desmond aliutia begani, ukamwangukia. Akauvaa mgongoni kama kobe, akatembea ufuo mzima hivyo, kengele mbili zikilia kila hatua, watoto wakimpigia saluti. Alifika Esplanade akiwa amelowa chepechepe na mwenye furaha kama bwana harusi.

"Mwite Bwana Verey," alimwambia Bi Glenys wa mapokezi, aliyekuwa anafuma soksi.

"Nani?"

"Lancelot Verey. Mnene, ana tai ya kipepeo."

"Aaa, Alf!" Bi Glenys alisema. "Alf muuza nyama. Ameshakwenda nyumbani, kipenzi. Leo ana mazoezi. Krismasi hii yeye ndiye mama wa kambo tena, na ukimwona na gauni lake utapasuka mbavu."

Desmond aliushusha mlango taratibu sana.

"Mama wa kambo wa nani?"

"Wa kwenye mchezo. Wote wale ni kikundi cha maigizo cha kanisa. Enid, Cyril, Alf." Bi Glenys alihesabu vishono, kisha akautazama mlango, na uso wake ukajaa huruma. "Mungu wangu. Umewaambia unakikumbuka kile kipindi?"

"Nakikumbuka!" Desmond alisema kwa hasira. "Mimi na marehemu baba..."

"Hakijawahi kuwepo, kipenzi."

Nje bahari ilipiga ukuta. Desmond alishika ukingo wa meza.

"Walikitunga wenyewe," Bi Glenys aliendelea, bila ubaya wowote. "Alikuja bwana mmoja hapa, mtanashati kama wewe, akawauzia paa jipya la ukumbi ambalo halikufika mpaka leo. Ndoo umeziona. Basi wakakaa wakafikiri: tutamjuaje mwongo mwingine akija? Mtu mwema ukimuuliza kipindi ambacho hakikuwepo, anasema hakijui, anakula keki, anakwenda zake salama. Huo mlango ni wa banda la kuku la Cyril. Aliutia vitasa mwenyewe."

"Nitakwenda polisi!"

"Nenda. Sajenti naye yumo kikundini, hupokezana na Cyril nafasi ya Admirali Crumb. Atafurahi kukuona, anaipenda sana nafasi ile." Akavuta uzi. "Utamwambia nini lakini? Kwamba umewapa gari ili uwaibie mlango, ukawalipa kwa kanda ya uongo ya kipindi cha uongo?"

Desmond aliuvaa tena mlango mgongoni.

Akarudi kanisani, akiwa na nia ya kuvunja kitu. Chini ya dirisha la klabu alisimama. Juu walikuwa wanacheka. Waliiweka tena ile kanda. Yeye hayupo, hakuna wa kumdanganya tena, hakuna sababu yoyote ya kujichekesha, na bado Bi Enid alikuwa anapiga kelele "basi, basi, nakufa!" Walifika pale bukini anapoihoji bahari. Midomo ya Desmond ilikuwa inatembea pamoja na maneno. Kicheko kiliporipuka, alijiona ananyoosha koti lake, kama msanii anayengoja kuitwa jukwaani. Kisha akakumbuka kwamba hana pa kulala, akakaa juu ya ngazi ya kanisa.

Wa kumlilia wamlilie. Mimi simo. Basi la kwenda hospitali waliliondoa mwaka ule, na tangu siku hiyo Jaguar ya kijani ndiyo inayotupeleka. Nimekwenda nayo kwa daktari wa macho mara kadhaa. Viti vyake vinanukia spiriti na sabuni ya kunyolea, na Bi Enid anaendesha kasi mno.

Desmond alikwenda kwenye kituo cha basi. Akausimamisha mlango kando yake, akakaa chini ya kibanda, akala keki. Ilikuwa keki nzuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Gari jeupe la kifahari likaegeshwa. Akashuka bwana mmoja mwenye saa ya dhahabu, kuulizia njia ya kwenda uwanja wa gofu. Macho yake yakatua kwenye mlango, kwenye vile vitasa vya shaba, kisha kwenye nembo ya koti la Desmond, kisha yakarudi mlangoni na kukaa hapo.

"Kitu cha zamani hicho," alisema. "Ni cha nini?"

Desmond alikuwa karibu kumwambia ni cha banda la kuku. Akafuta makombo midomoni.

"Ni cha *Mnara Ulioomba Likizo*," alisema kwa uchovu. "Kipindi cha redio. Wewe hukikumbuki, nadhani. Hakuna anayekikumbuka."

Bwana yule alikisogelea kibanda. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani.

"Nisikikumbuke!" alisema. "Mimi na baba yangu hatukukosa hata wiki moja!"

Basi lilikuja, likafungua milango, likangoja kidogo, likaondoka. Desmond hakuligeukia. Alikuwa anazitazama funguo za gari zilizoning'inia kidoleni mwa mgeni, na taratibu akajisogeza kwenye benchi kumpa nafasi.

"Kaa hapa usilowe, bwana wangu," alisema. "Hebu niambie, yule bukini unamkumbuka?"